Nani Atachimba Kaburi? Kisa cha Kususiana katika Kijiji Kimoja cha Pemba

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya wasaidizi wa sheria, maimamu, walimu na yeyote anayeitwa kusuluhisha watu waliogawanywa na siasa. Kijiji sikitaji. Majina yote nimeyaondoa, na mambo madogo ambayo yangemtambulisha mtu nimeyabadilisha. Wahusika wakuu watatu waliyasoma maandishi haya kabla hayajatoka. Mmoja wao aliniomba nifute sentensi mbili, nami nikazifuta.

Usuli

Kususiana kwa Pemba kuna umri mkubwa kuliko wengi wa wanaosusiana leo. Wazee wakitaja "Zama za Siasa" wanakusudia miaka ya kuanzia uchaguzi wa Julai 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Wafuasi wa vyama viwili, ASP (Afro-Shirazi Party) na ZNP (Zanzibar Nationalist Party), yaani Hizbu, walisusiana maduka, mabasi na hata mazishi. Watu wa dini moja na lugha moja, mara nyingi wa tumbo moja, walianza kuulizana nani Mwarabu, nani Mshirazi, nani Mwafrika, nani mtu wa kuja. Ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 kule Unguja ziliua watu 68.

Vyama vingi viliporudi, ufa ulifunguka pale pale. Mwaka 1995 mgombea wa CCM, chama tawala, alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za mgombea wa CUF, chama kikuu cha upinzani, na viti vyote 21 vya Pemba vikaenda CUF. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 waandamanaji waliopinga uchaguzi wa 2000 walipigwa risasi. Zaidi ya watu 30 waliuawa, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Katika kijiji ninachokieleza, nyumba nne zilibaki tupu kwa miezi.

Kisha likaja jambo ambalo wengi hatukulitarajia. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari asilimia 66.4 wakapiga kura ya kukubali serikali ya umoja wa kitaifa. Nakumbuka harusi za miaka ile. Watu walikaa mkeka mmoja, wakala sinia moja, na hakuna aliyeangalia jirani yake amevaa fulana ya rangi gani.

Tarehe 28 Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa kabla matokeo hayajakamilika kutangazwa. Ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, na CUF wakaususia. Wiki ile ile kijiji kikagawanyika.

Ni kijiji cha nyumba kama mia moja na ishirini, watu wa mikarafuu, mihogo na uvuvi kidogo. Nyumba za chama tawala hazikufika kumi na tano, na hakuna hata moja isiyokuwa na udugu na nyumba za upinzani. Mwenye duka, aliyekuwa kiongozi wa maskani (baraza la wanachama) ya chama tawala, na muadhini wa msikiti, mtu wa upinzani, wana babu mkubwa mmoja. Walipogombana barazani mwezi Machi, mmoja alimwita mwenzake "Mbara" naye akajibiwa "Hizbu". Aliyeitwa Mbara hajawahi kuvuka bahari kufika hata Tanga. Aliyeitwa Hizbu alizaliwa zaidi ya miaka kumi baada ya chama hicho kupigwa marufuku. Matusi yale waliyarithi tu, kama mtu anavyorithi deni.

Mimi ni msaidizi wa sheria, mzaliwa wa Pemba, na nyumbani kwetu wana upande wao kama nyumba nyingine yoyote. Hilo watu wa kijiji walilijua tangu siku ya kwanza, na ni vizuri msomaji naye alijue.

Kilichotokea

Duka ndilo lililoanza kususiwa. Mwenye duka alikuwa akiuza mchele, mafuta ya taa, sukari na vocha za simu, na ghafla watoto wakawa wanatumwa kijiji cha pili kununua kibiriti. Ikafuata gari ya abiria, watu wakashuka pale alipopanda mtu wa upande wa pili. Ikafuata salamu. Mwezi Mei, usiku mmoja, mikarafuu kumi na moja ya familia moja ya chama tawala ilikatwa. Mkarafuu huchukua karibu miaka saba kabla haujaanza kuchumwa, na miti ile ilikuwa ya babu yao. Asiyekuwa mtu wa Pemba huenda akaona kumi na moja ni idadi ndogo. Kwa familia ile ilikuwa ada ya skuli, bati la nyumba na akiba ya maradhi.

Lakini jambo lililonileta kijijini lilitokea kabla ya hapo, katikati ya Aprili. Baba yake mwenye duka alifariki alfajiri ya Jumatano.

Kwa desturi muadhini hutangaza msiba kwa kipaza sauti cha msikiti, na vijana hawangoji kuitwa. Anayelisikia tangazo hushika jembe na kwenda. Siku ile kipaza sauti kilikaa kimya. Mwenye duka alipomtuma mwanawe akaazime sepetu na mtaimbo kwa jirani aliyekuwa navyo miaka yote, aliambiwa vimeazimwa. Havikuwa vimeazimwa. Mtoto aliviona vimeegemea ukuta wa jikoni.

Kaburi likachimbwa na watu wanne kwa majembe mawili ya kulimia, watoto wawili wa marehemu, mkwe wake na imamu wa kijiji, ambaye nitamwita Maalim. Maalim alikuwa na miaka sitini na kitu. Alivua kanzu, akabaki na shuka na fulana, akaingia shimoni. Wachimbaji waliofunga saumu ya Rajabu ni wawili. Walianza saa mbili asubuhi, wakamaliza mwanandani, yaani shimo la ndani ya kaburi, karibu na adhuhuri. Kwenye sala walisimama watu saba tu wa kijiji.

Mambo yangeishia hapo, huenda aibu ingewarudisha watu wenyewe. Ila mmoja wa ndugu alikuwa ameshapiga simu mjini. Jeneza lilipokuwa linatoka msikitini zikafika gari mbili zimejaa watu, baadhi yao wamevaa fulana za chama, na kwenye makaburi mtu mmoja akasimama kusema kwamba marehemu alikuwa mwanachama mwaminifu na kwamba waliomsusia watajulikana. Waliokuja walikuja kwa wema, siwalaumu. Lakini kuanzia saa ile msiba uliacha kuwa wa kijiji. Vijana waliokuwa wakichungulia kwa mbali, wengine wao wakiona haya, walirudi majumbani wakisema, "Mumeona? Maiti ya chama imezikwa na chama."

Msiba wa pili ulitokea Ramadhani, mwezi Juni, kabla ya daku, na safari hii ulikuwa nyumbani kwa muadhini. Aliyefariki ni dada yake, mama wa watoto watano, baada ya kuugua muda mrefu. Kijiji kina wanawake wawili tu wanaojua kukosha maiti. Mmoja alikuwa Unguja kwa binti yake. Wa pili ni shangazi wa mwenye duka, yaani dada wa yule mzee aliyezikwa na watu saba. Nitamwita Bi Mkubwa.

Muadhini alimtuma kijana kwa baskeli akatafute mkosha kijiji cha pili. Wakati huo Bi Mkubwa alikuwa ameshasikia kilio. Aliyosema na kutenda nimeyapata kwa watu watatu tofauti, na yote yanalingana. Alikwenda kwa mlango wa uani amebeba ndoo, pamba, kipande cha sabuni na karafuu maiti (kafuri) iliyofungwa kwenye karatasi ya daftari. Akapiga hodi. Binti wa marehemu alipofungua, Bi Mkubwa hakutoa hata mkono wa pole. Alisema, "Maji yashapata moto? Nitafutieni kanga mbili za kusitiri." Binti alisita, akatazama nyuma. Muadhini alikuwa amesimama ukumbini. Hakusema kitu, aligeuka akaingia chumbani. Binti akaufungua mlango wazi.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa mbaya, na nauweka hapa kwa sababu wengi wetu tunauanza hivyo hivyo. Mwanzoni mwa Mei, baada ya mazishi ya kwanza, niliitisha mkutano wa amani kwenye skuli, nikamwalika sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo letu, nikaandaa chai na posho ndogo ya usafiri. Walikuja watu kumi na wanne, kumi na mmoja kati yao wa chama tawala. Machoni mwa upinzani sheha ndiye anayeandika barua ya ukaazi na ndiye anayemjua nani ana haki ya kuandikishwa kupiga kura. Kumweka meza kuu kulikuwa sawa na kutangaza upande. Posho nayo ilivumishwa kuwa hongo. Siku tano baadaye mikarafuu ikakatwa. Sisemi mkutano ndio uliosababisha, ila haukuzuia, na watu wa familia ile waliniuliza mkutano wangu umewasaidia nini.

Baada ya msiba wa pili nilikwenda kumsalimia Bi Mkubwa. Nilikuwa nimejiandaa kumsifu kwa kusamehe. Alinikata kauli.

"Mwanangu, weye wataka watu wapendane. Miye nataka maiti azikwe. Kaka yangu alizikwa na watu saba, na sijasamehe. Lakini yule mwanamke alikuwa hajakoshwa."

Maneno hayo yalibadilisha kazi yangu yote. Tangu mwanzo nilikuwa nikiwaomba watu vitu viwili kwa pamoja, wasameheane na wazikane. Bi Mkubwa alivitenganisha. Nikamwendea Maalim, naye akaniambia jambo ambalo alikuwa amelibeba muda mrefu. Kuzika ni faradhi kifaya, wajibu wa jamii nzima, asipozika yeyote dhambi ni ya kijiji kizima, na hakuna mahali aliposoma kwamba faradhi hiyo inangoja watu wapatane kwanza. Tukakubaliana kutafuta makubaliano membamba kadiri iwezekanavyo. Tulizunguka nyumba kwa nyumba baada ya tarawehe, usiku kumi na moja, tukizungumza na familia moja moja, bila ya karatasi wala picha.

Mambo matatu tu tuliyaingiza, kaburi, maji na mgonjwa. Atakayekufa azikwe na kijiji, mfereji na visima viwe vya wote, na mwenye chombo asimwache mgonjwa njiani. Duka tuliliacha nje. Sikupenda, na mwenye duka alikasirika sana, kwa haki. Lakini watu wa upinzani walisema wazi kwamba kura yao imechukuliwa na kilichobaki mikononi mwao ni pesa zao, watazipeleka wanakotaka. Tungeling'ang'ania duka, wangelikataa na kaburi.

Hakuna aliyeombwa radhi. Vijana wawili walitaka kuomba, Maalim akawaambia wakaombe kwa faragha wakipenda, isiwe sharti, kwa sababu sharti la radhi lingewafungia mlango wasiokuwa tayari.

Tangazo la msiba likapewa maneno ya kudumu. Jina la marehemu, jina la baba yake, nyumba, na saa ya mazishi. Cheo hakitajwi, chama hakitajwi. Muadhini alikubali kulisoma kwa yeyote bila ya kuombwa na familia. Alikubali kwa sauti ndogo, ameinamisha kichwa, na hakueleza sababu. Sikumwuliza.

Halafu vifaa. Niliposema mradi wetu unaweza kununua majembe, Maalim alikataa: "Cha mradi kitakuwa na mwenyewe." Sadaka ya siku ya Idd, iliyotiwa kwenye kibuyu bila ya kujua nani katia ngapi, ilinunua majembe mawili, sepetu mbili na mtaimbo mmoja. Vikawekwa kwenye ghala ya msikiti, pamoja na jeneza, na ufunguo ukatundikwa kwenye msumari pembeni mwa mlango.

La mwisho lilikuwa gumu kwa chama tawala. Makaburini hakutakuwa na fulana, bendera, gari la chama wala hotuba, kwa maiti wa upande wowote. Kwa watu wachache wanaosusiwa, msaada wa kutoka nje ndiyo kinga yao. Tuliwaomba waiweke chini kabla hawajaona kama kijiji kitawashika. Walijadiliana siku tatu wakakubali, na kwa maoni yangu wao ndio walioonyesha ujasiri mkubwa kuliko wote katika kisa hiki.

Matokeo

Kuanzia Idd ya Julai 2016 hadi Januari 2017 kijiji kilizika watu watano. Msiba wa kwanza baada ya makubaliano ulikuwa wa nyumba ya chama tawala. Tangazo lilisomwa. Upande wa pili walikuja watu tisa, niliwahesabu. Walichimba, wakafukia, wakaondoka bila ya kukaa kwenye mkeka wa msiba wala kunywa kahawa. Msiba wa pili walikuja zaidi ya thelathini. Wa tano sikuhesabu tena, kwa sababu nisingeweza kujua nianzie wapi.

Maji yalipita bila ya tatizo. Mgonjwa mmoja, mama mjamzito wa nyumba ya upinzani, alipelekwa hospitali usiku kwa pikipiki ya mtoto wa mwenye duka.

Duka lilifungwa Septemba, bidhaa zikauzwa kwa hasara, na mwenyewe akahamia mjini kwa karibu miaka miwili. Waliokata mikarafuu hawakujulikana, au walijulikana na hakuna aliyesema. Msimu ule wa karafuu familia za chama tawala zilikosa wachumaji wa kijijini, zikaleta wageni kwa malipo makubwa zaidi. Sheha alihisi tumempita, akakaa mwaka mzima bila ya kunisemesha.

Februari 2021, Maalim Seif alipofariki akiwa Makamu wa Kwanza wa Rais katika serikali ya umoja mpya na kuzikwa kwao Mtambwe, muadhini alitangaza msiba ule kijijini kwa maneno yale yale. Jina, jina la baba, nyumbani kwao, saa ya mazishi. Baadhi ya vijana walitaka aongeze. Hakuongeza.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuondoa haja ya kuombana. Nimelifikiria hili kwa miaka. Katika mpasuko wa kisiasa mtu haogopi sana kumsaidia jirani, anaogopa kuonekana ameanza yeye. Vile vile aliyefiwa anaogopa kuomba akanyimwa mbele ya watoto wake, kama alivyonyimwa mwenye duka sepetu iliyoegemea ukuta. Tangazo lisilobadilika, vifaa visivyo na mwenyewe na ufunguo wa kwenye msumari viliwaondolea wote wawili hofu hiyo. Kijana wa upinzani aliyekwenda kuchimba hakulazimika kueleza kwa wenzake kwa nini amekwenda. Alisema, "Nimesikia tangazo."

Pili, wembamba wa makubaliano. Wafadhili na maofisa hupenda matamko mapana ya umoja na mshikamano, na nimewahi kuandika mengi ya namna hiyo. Katika kijiji hiki tamko pana lingewataka watu wa upinzani wakubali kwamba malalamiko yao juu ya uchaguzi yamekwisha, nao hawakuamini hivyo. Tulipowaomba jembe tu, walitoa jembe na wakabaki na msimamo wao. Ukitaka watu wavuke mstari wa siasa au wa asili, usiwafanye kwanza wakane walichosimamia.

Lakini wembamba huo una gharama, na aliyeilipa ni mwenye duka. Alimzika baba yake karibu peke yake, akakubali kuacha kinga ya chama, na bado tukamwambia riziki yake haimo kwenye makubaliano. Leo nikipewa nafasi tena, duka ningelirudia baada ya misiba miwili au mitatu, watu walipokuwa wameshazoea kuonana usoni. Sikufanya. Niliogopa kuvunja kilichosimama, na duka likafungwa nikiangalia.

Kumwacha sheha nje kulisaidia mwezi wa kwanza na kukaumiza baadaye. Lilipokuja suala la mikarafuu, yeye ndiye aliyekuwa na mlango wa polisi na wa wilaya, na hakuwa na sababu ya kutufungulia. Ningekwenda kumweleza mapema, nyumbani kwake, kwamba namwomba akae kando kwa muda.

Na nisiache kusema kuhusu wanawake. Kwenye mkutano wangu wa skuli hakukuwa na mwanamke aliyezungumza. Aliyeuvuka mpasuko ni Bi Mkubwa, kwa mlango wa uani, mtu aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wengi ya kubaki nyumbani kwake. Tungeanza kwa kuuliza nani anakosha maiti, nani anazalisha, nani anakaa na mgonjwa, tungefika mapema zaidi kuliko kwa kuuliza nani ni kiongozi.

Mwenye duka alirudi kijijini 2018 na kufungua genge dogo la mboga na samaki. Wateja anao. Nilipompelekea maandishi haya aliyasoma taratibu, akanirudishia.

"Umeandika vizuri," alisema. "Miye nikifa watanizika, hilo najua. Vijana wale wale watakuja. Lakini baba yangu ana watu saba."

Hakuwa amekasirika. Alinifungia samaki wawili kwenye gazeti, akakataa malipo, nikaondoka.